Sukari ya Jana kwa Bei ya Leo



Yako maswali ambayo watu huyapeleka kwa padre, na yako mengine ambayo huishia kwenye baraza ya duka, hali yote ni maswali ya dhamiri. Moja katika haya ya pili tumelisikia mara nyingi, tena kwa hasira, nasi tumeona yafaa tuliweke hapa tulitazame kwa utulivu.

Swali lenyewe ni hili. Mwenye duka alinunua mfuko wa sukari juma lililopita kwa bei ya chini. Leo alfajiri amepigiwa simu kutoka mjini kwamba sukari imepanda. Mfuko wake ni ule ule, umesimama pale pale nyuma ya mlango, wala hajaufungua. Saa moja asubuhi anafika mtoto aliyetumwa robo, naye anaambiwa bei mpya. Je, mwenye duka huyu ametenda haki, au ameiba?

Akina mama wengi hujibu bila kusita kwamba ni wizi. Sukari hii, wasema, haikusafiri usiku, imelala hapa hapa na sisi, imepandaje? Wenye maduka nao hujibu bila kusita kwamba asiyefanya hivyo atafunga duka. Yatupasa kuwasikiliza wote wawili, maana Jumapili wanakaa katika viti vya kanisa moja, na mara nyingine katika kiti kimoja.

Tuanze na mwenye duka, kwa kuwa yeye ndiye husikilizwa mara chache. Tuseme mfuko wa kilo 50 ulimgharimu shilingi 130,000, yaani 2,600 kwa kilo. Yeye huuza kilo kwa 2,800. Mfuko ukiisha ana 140,000 mkononi, na katika hizo 10,000 ndiyo faida yake, kabla hajatoa kodi ya chumba na umeme. Sasa mfuko mpya umekuwa 160,000. Akiumaliza ule wa zamani kwa bei ya zamani, zile 140,000 zake hazitoshi kununua mwingine. Amepungukiwa 20,000, wala hakuna mtu aliyemwibia. Ameuza vizuri, watu wamemsifu, na duka limepungua. Afanye hivyo mara tatu mfululizo, rafu zitabaki na chumvi na viberiti. Lakini akiuza kwa 3,400 tangu asubuhi ile, mfuko utampa 170,000. Atanunua mwingine kwa 160,000, na kubaki na 10,000 ile ile aliyoizoea. Mnunuzi ameumia, ni kweli. Ila fedha aliyoiongeza haikuingia mfukoni mwa mwenye duka. Imepita mkononi mwake kwenda kwa mwenye ghala.

Hesabu hii si ya ujanja, na mtu yeyote aweza kuirudia kwa kalamu. Tena iko desturi yetu wenyewe inayofanana nayo. Mama akiishiwa sukari wageni wamefika, humtuma mtoto kwa jirani na kikombe. Baada ya siku tano, au majuma mawili, kikombe hurudishwa kimejaa. Katikati ya siku hizo bei yaweza kuwa imepanda au imeshuka, wala hujasikia jirani akisema, Ulichukua sukari ya mia sita, nirudishie ya mia sita. Ni kikombe kwa kikombe. Ujirani hauhesabu fedha, wahesabu kitu. Basi mwenye duka akituambia kwamba yeye naye ahesabu mifuko, si noti, na kwamba anachotaka ni mfuko kwa mfuko, tutamjibu nini?

Twaona kwamba kwa hesabu hiyo peke yake, hakuiba.

Lakini mama naye ana neno, nalo ni zito kuliko anavyolisema barazani. Yeye husema, Sukari haikusafiri usiku. Angesema hivi: Bei iliposhuka mara ya mwisho, ulifanyaje? Maana sote twakumbuka jibu linalotolewa siku ya kushuka. Mtu asikia redioni, au kwa shemeji yake aliye mjini, kwamba sukari imeshuka. Aenda dukani, aambiwa, Mzigo huu niliununua ghali, ngojeni uishe. Siku ya kupanda, mfuko wa zamani ulihesabiwa kwa bei ya mfuko wa kesho. Siku ya kushuka, mfuko wa zamani wahesabiwa kwa bei ya jana. Kuna sheria mbili hapa, na kila moja kwa upande wake yaweza kuwa ya haki: ama tuuze kwa kufuata bei tuliyonunulia, ama kwa kufuata bei tutakayonunulia tena. Mtu aweza kuchagua. Ila atakayepanda kwa sheria moja na kushuka kwa nyingine, huyo hana sheria, ana mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, limekataza jambo hilo kwa maneno yasiyohitaji mfasiri.

Tusimwonee hapa pia. Kwenye mtaa wenye maduka sita, bei ikishuka hatashikilia bei ya jana kwa muda mrefu. Atakayepata mzigo wa bei nafuu kwanza ataishusha, wateja watavuka barabara, na wengine watafuata wakiwa wamenuna. Ushindani humtendea mnunuzi kazi ambayo dhamiri haikuifanya. Penye duka moja tu, kule ambako duka la pili liko mwendo wa saa nzima kwa miguu, hakuna wa kumlazimisha. Bei hukaa juu kwa kadiri apendavyo yeye. Kwa hiyo katika mambo haya mzigo wa dhamiri haulingani kwa watu wote: mwenye duka la peke yake abeba zaidi, kwa sababu tu yuko peke yake.

Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, mtawa na mwalimu, alijiuliza kama ni halali kuuza kitu zaidi ya thamani yake. Jibu lake latusaidia hata leo, ingawa yeye hakuwahi kuona mfuko wa kilo 50. Alitenganisha mambo mawili. Ikiwa muuzaji atapata hasara kwa kukitoa kitu chake, basi ni haki aihesabu hasara hiyo katika bei, kwa kuwa hasara ni yake. Lakini ikiwa muuzaji hapati hasara yoyote, ila mnunuzi anakihitaji kitu hicho mno, hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya uhitaji huo. Uhitaji ni wa mnunuzi. Mtu hauzi kisicho chake.

Tukiushika mstari huo, mambo mengi ya dukani yanajitenga yenyewe. Aliyepandisha kwa sababu mfuko wa kesho ni 160,000 amehesabu hasara yake. Aliyepandisha kwa sababu amesikia kuna msiba nyumba ya tatu, na usiku huu watahitaji kilo 10 za sukari na majani ya chai, wala hawana pa kwenda, huyo ameuza msiba. Ndivyo ilivyo kwa anayepandisha mchele juma la Krismasi, hali mchele wenyewe ameununua mwezi Oktoba na ghala la mjini halijabadili bei. Wengi hufanya hivyo na kuita biashara. Sisi twaona jina hilo halitoshi.

Hapa wengine watasema: Mambo ya bei yana Serikali; itangaze bei ya haki, na atakayeizidi ashitakiwe. Wazee wetu waliyaona hayo. Nchini Tanzania ilikuwako Tume ya Taifa ya Bei kwa sheria ya mwaka 1973, na vitu vingi vya jikoni vilikuwa na bei iliyowekwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa yapishe maduka ya ushirika, na kabla mwaka haujaisha ilibidi jambo hilo lisimamishwe, maana bidhaa zilikuwa hazifiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ikawa ngumu zaidi. Waliokuwa watu wazima wakati ule watawaambia habari za foleni ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya kula. Bei ya haki ilikuwa imebandikwa ukutani. Sukari yenyewe ilikuwa chini ya meza, kwa bei nyingine. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu, maana kuficha sabuni watoto wakitoka vipele ni ukatili. Lakini msako ulipopita, rafu hazikujaa. Zilianza kujaa taratibu baada ya 1984, biashara ilipoanza kulegezwa kamba, na hapo tena bei nazo zikapanda juu ya uwezo wa wengi.

Hatusimulii haya ili kuidharau Serikali. Hata karibuni ililazimika kuingia. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikakosa miwa ya kusaga, na mwanzoni mwa 2024 mahali pengi kilo ya sukari ilifika shilingi 4,000 na kupita. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi za rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kufuatana na mkoa. Ila fikirini hali ya muuza duka mdogo aliyenunua kwa jumla kwa bei inayozidi ile iliyotangazwa kwa rejareja. Akiifuata amri, ale hasara. Akiivunja, atafutwe na mgambo. Akiacha kuuza sukari, watu waseme ameificha. Bei ya haki iliyotangazwa kwa aliye mwisho wa mnyororo, hali aliye juu yake hajaguswa, humwangukia mnyonge wa wauzaji.

Nasi twadhani hasira yetu mara nyingi hupiga mlango usio wake. Twamjua mwenye duka, twamwona kila asubuhi, twamwita kwa jina la mtoto wake. Mwenye ghala hatumjui. Yeye ana magunia, si gunia. Tena ana habari. Akijua kwamba viwanda vitasimama wakati wa masika, kama ilivyo desturi kila mwaka miwa isipovunika kwa matope, aweza kufunga milango mwezi wa pili na kungoja mwezi wa nne. Huyu hatupi hesabu ya mfuko kwa mfuko. Mfuko wa kesho hajaununua wala hana haja ya kuununua. Anachongoja ni sisi tuishiwe.

Swali la habari ni la zamani sana. Cicero wa Roma, katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, aliweka mfano wa mfanyabiashara mwema aliyetoka Alexandria ya Misri na shehena ya nafaka, akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani alikwisha kuona merikebu nyingine nyingi za nafaka zinakuja nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, na nafaka yake ishuke bei. Au anyamaze auze ghali? Wanafalsafa wawili aliowataja walitofautiana. Diogenes wa Babiloni alisema muuzaji haimlazimu kusema kila ajualo, mradi asidanganye juu ya kitu anachouza. Antipater, mwanafunzi wake, alisema yampasa aseme yote, maana faida ya jirani na faida yake si vitu viwili. Cicero mwenyewe aliona hakupaswa kuficha. Thomas Aquinas, miaka zaidi ya elfu na mia mbili baadaye, aliurudia mfano huo akawa mpole zaidi: kunyamaza si kuvunja haki, alisema, lakini akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi.

Sisi twasimama na Cicero, tena kwa sababu ya mahali tulipo. Mtu wa Rhodes alikuwa mgeni kwa mfanyabiashara yule. Muuzaji wetu si mgeni. Akijua kwamba lori la sukari litafika Alhamisi, na Jumanne anamwuzia mjane kilo tano kwa bei ya juu huku akimwambia, Nunua mama, itaadimika, hajanyamaza tu, amesema uongo. Na kama hakumwambia lolote, ila alimwona anatoa fedha ya karo kwenye kitambaa, kunyamaza kwake hatuwezi kukuita biashara safi.

Lakini wanunuzi nao si kondoo wote. Bei ikinong'onwa kwamba itapanda, mwenye uwezo hununua kilo 10 jioni ile ile, naye alizoea kununua mbili. Duka linakuwa tupu kabla ya usiku. Asubuhi yule wa robo anakuta hakuna. Katika Mithali, sura ya 11, yumo mtu anayelaaniwa na watu kwa kuzuia nafaka, na sisi hupenda kumsoma kama tajiri wa ghala. Twadhani kabati la jikoni nalo ni ghala, dogo.

Na huyo wa robo ana shauri lake peke yake. Kilo ikiwa 2,800, robo ingekuwa 700; kwa kawaida ataambiwa 800. Mahesabu yake ya kilo nzima ni 3,200. Akitumia kilo nne kwa mwezi, amelipa 1,600 zaidi ya yule aliyenunua kwa kilo, si kwa kuwa ni mlafi bali kwa kuwa hakuwa na 2,800 siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujaa cha mwingine. Tumejaribu kuona kama ni dhuluma. Kupima robo nne ni kazi kuliko kupima kilo moja, sukari humwagika, karatasi ina bei. Pengine shilingi 50 za juu ni haki ya kazi. 100 hatuna hakika. Tuna hakika juu ya jambo moja: kipimo. Kikombe cha mafuta kilichobonyezwa kitako, au mzani ambao sahani yake moja imebandikwa gundi na sumaku, hapo hakuna tena swali la falsafa. Nabii Amosi alikwisha kulimaliza katika sura ya 8.

Kuna mama auzaye maandazi kwenye njia ya shule. Unga na mafuta vikipanda, hawezi kupandisha bei, kwa kuwa mtoto ana sarafu moja, basi hupunguza andazi. Wengine wamesema huo ni ujanja. Sisi hatukubali. Andazi liko juu ya sinia wazi, mtoto analiona kwa macho yake, aweza kulikataa. Ni tofauti na pakiti iliyokuwa kilo moja, ikawa gramu 900 kwa sura ile ile na rangi ile ile, na tofauti imeandikwa kwa herufi za kusomwa na vijana tu. Mama wa maandazi amepunguza mbele ya macho. Mwenye pakiti alitumaini hatutatazama.

Turudi kwa mwenye duka wetu mdogo, maana liko jambo moja ambalo halijasemwa kwa ajili yake, nalo limo katika daftari. Karibu kila duka la mtaani lina daftari la madeni, lenye jalada lililochakaa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama akichukua nusu kilo tarehe tatu, huandikwa: sukari nusu, 1,400. Sukari ikapanda tarehe kumi. Mwisho wa mwezi mama analeta fedha, na nusu kilo sasa ni 1,700. Mwenye duka angefuata sheria yake ya mfuko kwa mfuko, angedai 1,700, au angedai nusu kilo ya sukari kama jirani adaivyo kikombe. Hafanyi hivyo. Hufungua daftari, husoma 1,400, hupokea 1,400 na kupiga mstari. Shilingi 300 zimeondoka katika mfuko wake wa kesho, na katika ukurasa ule kuna majina mengine 20 au 30 yaliyoandikwa kabla ya tarehe kumi. Barazani, wakati huo huo, watu wanaendelea kuzungumza habari za bei yake mpya.